Muda Usiotajwa Siku ya Kola

Kila siku, baada ya sala ya alfajiri, Azumi aliwasha kuni uani, na mama yake, Delu, akaanza kuchota rojo la kunde kijiko kwa kijiko na kulitia katika mafuta yaliyochemka. Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kupanga foleni na mabakuli yao. Azumi aliwagawia bajia, akazinyunyizia pilipili ya unga, akapokea noti za naira zilizochakaa na kuzitia chini ya kibao alichokalia. Jua lilipopanda juu ya ukuta wa kale wa mji wa Zaria, alinawa mikono, akavaa ushungi wake wa shule, kisha akapita katika zaure kumwamkia baba yake.

Zaure hiyo ilikuwa chumba cha mviringo mlangoni mwa nyumba, chenye kuta nene za udongo na ubaridi hata wakati wa kiangazi. Mgeni wa kiume aliishia hapo. Ndipo Malam Barau, baba yake Azumi, alipoketi akidarizi majoho pamoja na wenzake watatu, wakitaniana na kubishana mpaka adhuhuri. Katika mtaa ule mwanamume asiye na zaure alihesabiwa kuwa bado mpangaji, hata awe na ndevu nyeupe. Malam Barau alikuwa amepanga kwa watu kwa muda mrefu, na siku alipoanza kuketi katika zaure iliyo yake, sauti yake ya kuitikia salamu ilibadilika. Hata Azumi, aliyekuwa na miaka tisa wakati huo, aliligundua hilo.

Nyumba haikuwa ya urithi. Ilinunuliwa kwa Alhaji Tanko, mfanyabiashara wa nafaka, ambaye alikuwa baba mdogo wa Delu na ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Kwa hiyo kwa Malam Barau yeye alikuwa mkwe. Na mkwe kwa watu wa Zaria ni mtu wa kuonewa haya kubwa: humtazami usoni, huli mbele yake, wala hushindani naye kwa bei. Barau alimtuma Gambo, dalali wa majumba, akazungumze kwa niaba yake, na bei ikakatwa kuwa naira milioni tatu: moja itolewe siku ya mauzo, mbili zilipwe polepole.

Siku ya mauzo walikusanyika mkuu wa mtaa, Imamu Shitu wa msikiti wa karibu, na majirani. Sinia ya kola, zile kokwa chungu za kutafuna, iliwekwa katikati. Desturi ni kwamba dalali hutaja kwa sauti kila jambo la mapatano, kisha kola hupasuliwa na kutafunwa na wote waliohudhuria. Lililotajwa kabla ya kola kuliwa limefungwa, na lisilotajwa halina shahidi. Gambo alitaja bei, akataja kilichotolewa, akataja kilichobaki. Kisha akauliza hicho kilichobaki kitakamilika lini.

Malam Barau aliinamisha kichwa, akawa anachora mkekani kwa kidole. Hakuona vipi angeweza kumwekea mkwewe tarehe mbele za watu, kana kwamba hamwamini.

"Baba atakavyoona," akasema.

Alhaji Tanko alipendezwa sana na adabu hiyo. Alicheka, akauliza ni baba gani atakayemhesabia siku mume wa binti yake. Wazee wakamsifu Barau, wakasema vijana wenye malezi kama yake wamekuwa adimu. Gambo alisitasita kidogo, maana alikuwa ameuza nyumba nyingi na alijua swali lake halijajibiwa. Lakini nani angeharibu furaha ya siku ile? Kola ikapasuliwa, Fatiha ikasomwa, watu wakatawanyika.

Kwa mwaka mzima Malam Barau alipeleka elfu hamsini kila mwezi bila kukosa. Kisha mambo yakageuka. Thamani ya naira ilianza kuyeyuka, bei ya saruji na ya mtama ikapanda, na watu waliokuwa wakishonesha majoho ya Idi wakaamua kuvaa ya mwaka uliopita. Barau akakosa miezi miwili mfululizo.

Alasiri moja Alhaji Tanko akaja mwenyewe. Wadarizi wenzake Barau walikuwa wamekwisha kwenda zao. Azumi alitumwa na mama yake kupeleka maji ya kunywa, na mzee alimpokea kwa utani wa babu na mjukuu kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Karibu, mke wangu," akamwambia. "Maji yako matamu kuliko ya bibi yako. Yeye siku hizi ananipa maji na kelele pamoja."

Azumi alicheka, akakaa pembeni kusubiri bakuli. Ndipo mzee alipoacha utani. Alisema kwamba milioni mbili zile, siku ya kola, zingemnunulia ng'ombe sita, na sasa hazinunui hata watatu. Alisema hadai kwa uroho, ila hata yeye ana watoto wa kulisha. Basi iwekwe elfu thelathini juu ya deni kila mwezi, kwa ajili ya kule kusubiri.

Malam Barau hakuinua macho. Moyoni alidhani nyongeza hiyo ni ya miezi miwili ile tu, mpaka atakapoifidia. Lakini hakuuliza. Haya ilimkaba tena.

"Nimekubali, Baba," akasema. "Utakavyoona."

Azumi akachukua bakuli lake, akarudi ndani. Hakuona kwamba lilikuwa jambo kubwa.

Malam Barau akarejea kupeleka elfu hamsini zake. Alijinyima, akadarizi mpaka macho yakamwasha, na kila mwezi akijihesabia kimoyomoyo kwamba mwisho unakaribia. Habari ya kweli aliipata kwa njia ya aibu. Siku moja Azumi alikuwa bombani na ndoo yake, na nyuma yake akasimama Lami, mjukuu wa Alhaji Tanko, aliyesoma naye darasa moja.

"Nipishe, mpangaji wa babu yangu," Lami akasema, na wasichana wengine wakageuka.

"Sisi si wapangaji. Tumenunua."

"Mmenunua kwa mdomo. Babu amesema hata baba yako alipe mpaka wewe uolewe, deni liko palepale, zaidi ya milioni moja. Hela yake inaliwa na kusubiri."

"Basi babu yako aje darasani kwetu afundishwe kutoa," Azumi akajibu, na wasichana wakacheka, safari hii upande wake. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani ndoo ilimyumbia kichwani, akalowa mabega.

Alimweleza baba yake. Malam Barau alimtuma Gambo kuuliza, na Gambo akarudi na jibu lile lile: katika kila elfu hamsini zilizopelekwa, thelathini zilihesabiwa kuwa za kusubiri, na ishirini tu ndizo zilizopunguza deni. Siku iliyofuata Barau akatuma neno kwamba hatoi tena hata naira moja. Alhaji Tanko naye akatuma neno kwamba basi nyumba irudi kwa mwenyewe.

Kuanzia hapo maneno yakawa moto. Kila aliyeingia katika zaure aliambiwa na Malam Barau kwamba hakuna siku aliyokubali nyongeza yoyote, mzee ameitunga. Alilisema mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa kuzoea, na baadaye akalisema kama mtu anayelikumbuka kweli. Wenzake wakaanza kumwita Alhaji Tanko mla riba na mwongo mwenye kuswali Ijumaa, na maneno hayo yakamfikia mzee dukani kwake mbele ya wateja.

Mkuu wa mtaa akatangaza kwamba atakuja na Imamu Shitu kusikiliza shauri katika zaure ile ile. Asubuhi ya siku hiyo Malam Barau alimwita binti yake.

"Siku ile babu yako alipokuja, wewe hukuwepo," akamwambia.

"Nilileta maji, Baba."

"Hukuwepo, Azumi. Tukishindwa leo, mama yako atakaangia bajia zake barabarani. Umenielewa?"

Azumi akasema ameelewa. Alikwenda uani, akamkuta mama yake anapepeta kunde huku machozi yakimshuka, naye hayafuti. Azumi akamwuliza afanye nini.

"Mimi siwezi kukwambia useme nini," Delu akajibu. "Huyu ni mume wangu. Yule ndiye aliyenilisha nikiwa yatima. Kila upande nikigeuka naona aibu. Muulize Mola wako, mwanangu, mimi usiniulize."

Baada ya sala ya alasiri zaure ikajaa. Alhaji Tanko aliingia bila kumtania mtu. Alitoa madai yake: nyongeza ilikubaliwa kwa kinywa cha Barau mwenyewe. Malam Barau alikana. Imamu Shitu akauliza kama kuna shahidi, na mzee akakiri kwamba hakuna. Walikuwa wawili tu na mtoto wa kike aliyeleta maji, naye hatamwingiza mtoto katika ugomvi wa watu wazima.

"Kama hakuna shahidi," Imamu akasema, "anayekana ataapa. Barau, uko tayari kuushika Msahafu na kuapa kwamba hukukubali?"

"Niko tayari."

"Basi tawadha."

Malam Barau aliinuka, akapiga makofi mlangoni mwa ndani, akaagiza birika la maji. Azumi ndiye aliyelileta. Alikuwa amesikia kila neno nyuma ya ukuta. Baba yake alichuchumaa kizingitini, akakunja mikono ya kanzu, akakinga viganja. Maji hayakuja. Aliinua macho, akamwona binti yake amelikumbatia birika kifuani kwa mikono miwili.

"Baba, usiape," akasema. "Nilikuwepo."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini zaure ni chumba kidogo. Malam Barau alibaki amekinga viganja vitupu. Imamu Shitu akamwita Azumi kwa upole, akamwuliza alisikia nini. Akaeleza yote: ng'ombe sita na watatu, elfu thelathini za kusubiri, na maneno mawili ya baba yake. Alipomaliza, mmoja wa wadarizi alikohoa, akachukua viatu vyake, akatoka nje asionekane anamtazama rafiki yake.

"Sasa mmesikia," Alhaji Tanko akasema. "Mimi nimeitwa mwongo miezi yote hii. Nipewe changu na nyongeza yake."

"Hupewi nyongeza," Imamu akamjibu. "Hata kidogo."

Watu walishangaa. Imamu akaeleza taratibu, kama afanyavyo darasani. Muuzaji anayekopesha ana haki ya kuuza kwa bei kubwa kuliko anayeuza kwa fedha taslimu. Alhaji angetaka milioni tano siku ile ya kola, na Barau akaridhika, ingekuwa halali. Lakini bei ikishatajwa na kola ikaliwa, bei imefungwa. Kuiongeza baadaye kwa sababu mdaiwa amechelewa ni riba, na riba haiwi halali kwa kuwa aliyeonewa aliinamisha kichwa akasema nimekubali. Kila naira iliyopelekwa ilipe nyumba. Kwa hesabu hiyo deni lililobaki ni laki sita.

Kisha akamgeukia Malam Barau, na sauti yake ikawa ngumu zaidi.

"Ungesema kweli tangu siku ya kwanza, ungeshinda. Kukubali kwako hakukukudhuru kitu. Uliogopa kitu ambacho sheria ilikwisha kukiondoa, ukaja kumwapia Mungu uongo bure. Ungeniuliza tu, Barau. Nyumba yangu iko nyuma ya msikiti."

Mkuu wa mtaa akauliza hizo laki sita zilipwe lini. Imamu akakunja uso. Alisema siku ya kola muda haukutajwa, wala baadaye haukutajwa. Kwa hiyo mdai anaweza kulidai lote leo. Akamsihi Alhaji ampe mdaiwa wake nafasi, kwani Mwenyezi Mungu ameamrisha kumngoja mwenye dhiki.

"Mwenye dhiki hana mali," Alhaji akasema. "Huyu ana nyumba. Na mimi ningemngoja, Imamu. Wallahi, nyongeza mngeniondolea, ningekasirika, na bado ningemngoja mpaka mwaka kesho, kwa ajili ya Delu. Lakini wateja wangu wamenisikia nikiitwa mwongo, na anayeniita anajua kwamba nasema kweli. Sitaki riba. Nataka changu mwezi huu."

Azumi aliweka birika chini, akaingia ndani.

Laki sita hazikupatikana. Malam Barau aliuza cherehani yake, na Delu akauza bangili zake, wakafikisha laki moja na kidogo. Mwishowe Gambo alipatanisha: Alhaji Tanko apokee hiyo laki na achukue sehemu ya mbele, yaani zaure na chumba kilichoungana nayo, na deni liwe limekwisha. Ua na vyumba vya ndani vibaki kwa Malam Barau, bila dai la mtu. Safari hii kila neno lilitajwa, hata upana wa ukuta wa kutenganisha na nani atanunua matofali.

Mafundi waliziba mlango wa ndani wa zaure. Kisha wakatoboa ukuta wa nyuma, na familia ikawa inaingilia huko, kwenye kichochoro chembamba chenye mfereji wa maji machafu. Upande wa mbele Alhaji Tanko alipangisha duka la sabuni. Wenzake Barau wakahamia katika zaure ya mtu mwingine na hawakumwita. Delu hakwenda tena kwa baba yake mdogo siku za Idi. Alimpelekea chakula kwa mkono wa jirani, na vyombo vikarudi vimeoshwa, bila salamu.

Azumi aliendelea kupiga magoti kila asubuhi kumwamkia baba yake, ambaye sasa alidarizi akiwa ameketi kwenye kigoda kichochoroni, miguu kando ya mfereji. Aliitikia salamu, lakini hakuongeza neno, na Azumi akaenda zake shule. Alijiuliza mara nyingi kama angenyamaza ingekuwaje. Bombani Lami hakumtania tena, na hilo lilimuuma zaidi.

Asubuhi moja, Azumi akiwa bado amepiga magoti, alikuja kijana wa ukoo wao anayetaka kuoa. Alitaka joho la harusi lenye darizi kamili kifuani. Alitoa nusu ya ujira, akasema iliyobaki wataelewana tu, wao ni watu wa damu moja.

"Hatutaelewana tu," Malam Barau akasema. "Taja siku."

Kijana akacheka. "Malam, kweli? Mimi huyu? Umenibeba mgongoni."

"Nimekubeba, na siku utataja. Ukichelewa, bei ni hiyo hiyo, siongezi hata kobo, lakini joho halitoki hapa. Na mimi nikichelewa, utachukua fedha yako. Azumi, sogea. Sikiliza haya, uwe shahidi."

Kijana akataja siku ya Ijumaa baada ya mwezi kuandama, huku amenuna kidogo, akaenda zake akiruka mfereji. Azumi alikuwa bado chini, haamini alivyoitwa. Baba yake alitunga uzi katika sindano, na ilimchukua muda, maana macho yake hayakuwa kama zamani.

"Ameondoka na kinyongo," Azumi akasema taratibu.

"Kitamwisha. Mimi nilimwonea haya babu yako siku iliyokuwa ya kusema, na siku iliyokuwa ya kuona haya nikasimama mbele ya Imamu nikiwa mkavu wa macho. Nikakuagiza hata wewe useme uongo. Mtu akiuza, akinunua, akikopa, aseme yote kabla watu hawajainuka, hata kama aliye mbele yake ni mkwe au mzazi. Na alichokisema asikikane, hata kikimgharimu. Laiti ningalifanya mojawapo ya hayo mawili, ungekuwa unaniamkia mahali penye kivuli."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Hukutupotezea zaure, mwanangu. Niliipoteza mimi. Wewe ulinizuia nisipoteze na kingine. Inuka sasa, utachelewa shule."

Azumi akainuka, akapangusa vumbi magotini, akashika njia ya kichochoro, upande usio na maji.